Eliya Chini ya Mretemu: Neno juu ya Usingizi wa Wenye Huzuni

Neno letu la mwezi huu limo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Twaomba kila msomaji aisome polepole mistari minane ya kwanza, maana wahubiri wengi huipita upesi ili wafike Horebu.

Eliya amemkimbia Yezebeli. Amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, ameketi chini ya mretemu, na sasa anaomba afe. Huyu si mchanga wa imani. Ndiye aliyeomba juu ya Karmeli na moto ukashuka. Ndiye aliyepiga mbio mbele ya gari la Ahabu hata Yezreeli. Tazameni basi jinsi Mungu amtendeavyo. Malaika hamkemei, wala hamwambii kwamba imani yake ni haba, wala hamwagizi kufunga na kukesha. Amwacha alale. Amwamsha ale mkate na kunywa maji. Amwacha alale tena. Baada ya hayo ndipo amtajia safari, naye Eliya aenda kwa miguu siku 40, mchana na usiku.

Twaliandika hili kwa sababu ya jambo litendekalo katika sharika. Mtu mwenye ugonjwa wa sonona, yaani ile huzuni isiyomwacha juma baada ya juma, huwaendea wazee wa kanisa na kusema kwamba halali. Usingizi huchelewa kuja. Ukija hukatika usiku wa manane. Au huamka kabla ya jogoo, na mawazo ya jana yote yamemngoja kitandani. Mara nyingi jibu apewalo ni hili: Njoo kwenye mkesha. Aliyepungukiwa na usingizi siku nyingi anyang'anywa na ule uliosalia! Hatuupingi mkesha kwa walio wazima. Lakini Zaburi ya 127 yafundisha kwamba usingizi ni kipawa cha Mungu kwa awapendao, na kipawa chake hakifai kuhesabiwa kuwa uvivu.

Basi na ile safari je? Hapo matabibu wa siku hizi wana neno la kutusaidia. Katika nchi ya Marekani watu 122 wenye sonona, ambao dawa hazikuwa zimewaponya kabisa, tena waliozoea kukaa bila kuushughulisha mwili, walifanyishwa mazoezi ya kuharakisha pumzi na moyo kwa majuma 12, pamoja na dawa zao. Wengine walipewa kipimo kikubwa, wengine kidogo. Habari zao zilichapishwa mwaka 2013: kukosa usingizi kulipungua, kule kwa mwanzo wa usiku, na kwa katikati, na kwa alfajiri. Tena makundi yale mawili hayakupitana sana. Hilo latupendeza kuliko yote, kwa maana mgonjwa asiyeweza kwenda mbali aweza kwenda karibu. Ila wale waliolala kupita kiasi hawakupata badiliko kubwa. Basi tusiahidi zaidi ya yaliyoonekana. Wala mtu asitupe dawa zake kwa kuwa ameanza kutembea.

Baba yetu Martin Luther, ambaye mwenyewe aliyajua majaribu ya huzuni, hakuona haya kusema mambo kama haya. Mwaka 1534 alimwandikia mtawala Joachim wa Anhalt, aliyelemewa na moyo, akimshauri apande farasi, awinde, akae na rafiki wema, asijifungie peke yake. Alimwombea pia, hakuona ugomvi kati ya sala na farasi.

Lakini mama mmoja atauliza kwa haki: Mimi nateka maji mbali, nalima, nabeba kuni, nachoka kutwa, mbona silali? Mama, waliochunguzwa kule walikuwa watu wa kukaa, nawe hukai. Kwako hatuna shauri la kuongeza mwendo. Huenda wewe uko bado penye mkate na maji, na kazi ya usharika ni kukuchukulia ndoo yako siku kadhaa ili upumzike, na kukusindikiza kwa tabibu.

Kwa wengine, wale wa ofisini na dukani, na wastaafu, na vijana waliojifungia chumbani, twawasihi wazee wa kanisa: msimtume mgonjwa kutembea, bali nendeni naye. Mwenye sonona hana nguvu ya kuanza. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Piga hodi asubuhi jua likiwa bado la upole, maana mwangaza wa asubuhi huisaidia saa iliyo ndani ya mwili. Nendeni mwendo wa kuharakisha pumzi kidogo, lakini mweze kuzungumza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilishauri watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 za namna hiyo kwa juma. Mkianza na dakika kumi hadi kwenye mti wa jirani, mmeanza. Si lazima kuhubiri njiani.

Na akikuambia, kama Eliya, kwamba ataka kufa, usimwache peke yake hata kidogo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na ukae naye hata apokelewe.