Somo la Uraia na Deni la Ahadi

Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni. Neno hili hutumika sana baina ya mtu na jirani yake, lakini ni nadra kutumika baina ya serikali na mtoto wa shule. Hata hivyo, ni vigumu kutaja mahali ambapo ahadi za serikali husomwa mara nyingi kama katika darasa la uraia. Katika shule za sekondari za Marekani somo hili lina kiti chake tangu zamani, na aghalabu hukamilishwa katika mwaka wa mwisho, mwanafunzi akiwa na umri wa miaka 17 au 18. Swali linalostahili kupimwa ni hili: Je, shule inayomfundisha kijana ahadi za nchi yake ina wajibu wa kuzitimiza ndani ya kuta zake yenyewe, au yatosha kuzisomesha tu?

Yafaa kwanza kutazama kinachofundishwa. Mwanafunzi huambiwa kuwa Katiba iliandikwa Philadelphia mwaka 1787. Kuwa mamlaka yamegawanywa mafungu matatu, ili anayetunga sheria asiwe ndiye anayeitekeleza, wala anayeitekeleza asiwe ndiye anayeamua maana yake. Kuwa Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435, Seneti wajumbe 100, na Mahakama Kuu ya nchi majaji 9. Huambiwa pia kuwa marekebisho 10 ya kwanza, yaliyothibitishwa mwaka 1791, yanalinda pamoja na mengine dini ya mtu, usemi wake, haki ya kukusanyika na haki ya kupeleka malalamiko mbele ya serikali. Kwa kuwa Katiba haitaji elimu hata kwa neno moja, kila jimbo huamua lenyewe namna ya kufundisha mambo hayo. Mwaka 2015 jimbo la Arizona lilikuwa la kwanza kuweka sheria kwamba mwanafunzi asihitimu mpaka ajibu sawasawa maswali 60 kati ya maswali 100 ambayo wakati ule walitayarishiwa wageni walioomba uraia. Majimbo mengine yakafuata.

Maarifa haya si ya kubezwa. Asiyejua mlango ulipo hugonga ukuta. Lakini kujua idadi ya maseneta si kuwa raia, kama vile kujua idadi ya makasia si kuwa baharia. Mtu aweza kukariri haki zote zilizoandikwa, kisha akatoka nje kumnyamazisha jirani yake bila ya kuona aibu. Shule nayo, ikiwa haijihadhari, yaweza kufanya vivyo hivyo: kusifu uhuru ubaoni, na kuunyima penye madawati.

Mfano mmoja ni wa bendera. Mwaka 1940 Mahakama Kuu iliamua, majaji 8 dhidi ya 1, kwamba shule ya Pennsylvania ilikuwa na haki ya kuwafukuza watoto wa Mashahidi wa Yehova waliokataa kuisalimu bendera kwa kuwa dini yao iliihesabu salamu hiyo kuwa ibada ya sanamu. Hoja ilikuwa umoja wa taifa. Baada ya hukumu hiyo Mashahidi walishambuliwa na makundi ya watu katika sehemu nyingi za nchi. Mwaka 1942 wakuu wa elimu wa West Virginia waliifanya salamu hiyo kuwa lazima kwa kila mtoto, na waliokataa wakafukuzwa. Wazazi wao wakashtaki. Tarehe 14 Juni 1943, nchi ikiwa katikati ya vita vikuu, Mahakama ile ile iliitengua hukumu yake kwa majaji 6 dhidi ya 3. Jaji Robert Jackson, aliyeiandika hukumu mpya, alieleza kuwa shule hazipunguziwi wajibu wa kulinda uhuru kwa sababu zinalea raia. Bali kwa sababu hiyo hasa wajibu huo unazidi, wasije vijana wakajifunza kuwa misingi mikuu ya serikali yao ni maneno matupu.

Hoja hii ina nguvu kuliko kesi yenyewe. Mkono waweza kuinuliwa kwa amri, lakini moyo hauna kamba ya kuuvutia. Mtoto anayesalimu kwa hofu ya kufukuzwa hajafunzwa kuipenda nchi. Amefunzwa kuwa mwenye nguvu huogopwa. Hilo nalo ni somo, ila silo lililokusudiwa.

Mfano mwingine ni mzito zaidi. Katika mji wa Farmville, jimbo la Virginia, palikuwa na shule ya sekondari ya watoto weusi iliyoitwa Robert Russa Moton. Ilijengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi 180, lakini kufika mwaka 1951 ilikuwa na zaidi ya 450. Waliokosa nafasi waliwekwa katika vibanda vilivyofunikwa kwa karatasi za lami. Wazazi waliomba jengo jipya, wakaambiwa wangoje. Tarehe 23 Aprili 1951 binti wa miaka 16, Barbara Johns, alisimama ukumbini mbele ya wenzake, akawataka watoke shuleni mpaka wasikilizwe. Wakatoka. Mwalimu mkuu alikuwa ameondolewa kwa hila ya simu, na hila si jambo la kusifiwa. Lakini mizani ikiwekewa udanganyifu huo wa asubuhi moja upande huu, na upande wa pili ule wa miaka mingi uliodai kuwa shule zilizotengwa ni sawa, haitachelewa kuonyesha upi mzito.

Mawakili walikubali kuwasaidia kwa sharti moja: waombe kuondolewa kwa ubaguzi wenyewe, si kujengewa kibanda bora zaidi. Kesi yao iliunganishwa na nyingine nne, na tarehe 17 Mei 1954 majaji wote 9 waliamua kuwa kuwatenga watoto shuleni kwa rangi kunavunja Katiba. Wakuu wa wilaya hiyo hawakutii. Mwaka 1959 walizifunga shule zote za umma kuliko kuwachanganya watoto, na hazikufunguliwa mpaka mwaka 1964. Kukusanyika, kulalamika, kwenda mahakamani, kungoja hukumu: hayo ndiyo yaliyoandikwa katika vitabu vya uraia, na watoto waliyafanya yote. Wakubwa waliokuwa na mamlaka walifunga mlango. Mwenye akili aweza kuamua nani kati yao alikuwa amelielewa somo.

Wapo wasemao kuwa kijana apewe kwanza upendo wa nchi, na hesabu ya madeni aonyeshwe baadaye, asije akawa mchungu kabla ya kukomaa. Hoja hii haitokani na nia mbaya, kwani mti mchanga hauchezewi na upepo. Lakini upendo uliojengwa juu ya kutojua huvunjika siku ya kwanza unapokutana na kweli, na uchungu wa aliyefichwa hupita uchungu wa aliyeambiwa. Wengine huogopa kuwa kila mtoto atageuza ukaidi kuwa haki. Hofu hiyo nayo ina jibu. Mwaka 1969 Mahakama Kuu iliwalinda wanafunzi wa Des Moines waliokuwa wamefunga vitambaa vyeusi mikononi kuvipinga vita vya Vietnam, lakini ilisema pia kuwa ulinzi huo hauhusu vitendo vinavyovuruga masomo. Basi uhuru una mpaka, na mpaka si gereza.

Tena mdai naye ana deni lake. Anayetaka asikilizwe hana budi kumsikiliza asiyempenda. Anayetaka hukumu ya haki hana budi kukaa barazani kuwaamulia wengine kwa haki atakapoitwa. Watoto waliokataa kuisalimu bendera hawakumzuia mwenzao yeyote kuisalimu. Kwa kunyamaza kwao walidai haki yao bila ya kugusa ya mtu.

Tangu mwaka 1971 Katiba ya Marekani humruhusu mtu wa miaka 18 kupiga kura. Kijana anayefunga daftari lake la uraia mwezi wa Juni aweza kusimama mbele ya sanduku la kura mwezi wa Novemba. Hapo hataulizwa idadi ya majaji. Ataamua juu ya watu wengine, na yamkini ataamua kama alivyoamuliwa yeye alipokuwa mdogo. Ikiwa shule yake ilikubali kuulizwa, atakubali kuulizwa. Ikiwa ilimfundisha ahadi na kumnyima utimizo, hatakuwa amekosa elimu. Atakuwa ameipata nyingine, na nchi nzima itailipia.