Udhuru na Kipimo Chake

Mwaka jana nilipokuwa likizoni mjini Morogoro, kijana mmoja ambaye hakuwa ametimiza mwaka katika Uislamu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu vizuri siku ile. Alikuwa ameniona nikisali juu ya kiti. Akasema: "Mwalimu, wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba mja huwa karibu zaidi na Mola wake anaposujudu. Sasa paji lako la uso haligusi chini. Je, umekuwa mbali naye?"

Nilimwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa. Jibu hilo ni sahihi, lakini halikumtosha yeye, wala halikunitosha mimi. Nyuma ya swali lake lipo swali jingine linalomhusu kila mgonjwa na kila mwenye afya: Udhuru ni nini hasa, nao una kipimo gani? Sasa nimekwisha rudi chuoni kwangu ng'ambo, nami nataka kumjibu kijana yule, pamoja na wengine wanaouliza kama yeye.

HABARI YA GOTI LENYEWE

Nilizaliwa chini ya Milima ya Uluguru. Wenyeji wanajua kwamba watu wa vijiji vya juu, kama Ruvuma na Towelo, huteremka kwa miguu mpaka mjini wakiwa na ndizi, mboga na matunda kichwani, kisha hupanda tena kurudi kwao. Mji uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyo mlimani, iko karibu mita 1,300. Wengi hudhani kwamba kupanda ndiko kunakolichosha goti. Kumbe kuteremka ni kuzito vilevile, na hata zaidi. Mtu anaposhuka ngazi, goti lake hubeba mzigo unaozidi mara tatu uzito wa mwili wake.

Nilipokuwa na umri wa miaka 22, wakati wa masika, niliteleza katika njia hizo nikiwa na mkungu wa ndizi begani. Goti likapinduka, na kano moja ya ndani ikakatika. Nililikanda kwa maji ya moto, nikapumzika siku chache, nikaendelea na maisha. Miaka 25 ikapita. Gegedu, yaani ile ngozi laini na imara inayofunika ncha za mifupa, ikalika kidogo kidogo hata mfupa ukasuguana na mfupa. Nilipofika miaka 47 sikuweza kulala usiku mmoja bila maumivu, na madaktari wakanishauri nibadilishiwe goti.

Katika upasuaji huu daktari hukata vipande vyembamba vilivyoharibika katika ncha ya mfupa wa paja na ncha ya mfupa wa muundi, akazifunika kwa madini, na katikati akaweka plastiki ngumu ili viteleze bila kusuguana. Jambo hili lilijaribiwa zamani. Mwaka 1890 daktari Themistocles Gluck wa Berlin alitengeneza goti la pembe za ndovu, lakini halikudumu kwa sababu ya usaha na maradhi yaliyokuwamo mwilini. Njia inayotumika siku hizi ilipata msingi wake katika miaka ya 1970. Katika nchi yetu, Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na leo upasuaji wa namna hii hufanyika Dar es Salaam.

Hata hivyo, madaktari husita wanapomwona mgonjwa ambaye hajawa mzee. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika magoti 100 yaliyobadilishwa, kama 82 hudumu miaka 25. Kwa mzee hilo ni jambo kubwa. Lakini mtu wa makamo huenda akaishi zaidi ya goti lake jipya. Uchunguzi mwingine, wa Uingereza, uliotangazwa mwaka 2017, uliwakadiria wanaume wanaofanyiwa upasuaji huu wakiwa na miaka 50 hivi, ukaonyesha kwamba kama 35 katika 100 watahitaji kurudia kabla ya kufa. Niliambiwa hayo wazi, nikakubali.

JE, HUKO NI KUBADILI MAUMBILE?

Baadhi ya ndugu waliniuliza kama inafaa kuondoa kiungo alichokiumba Mwenyezi Mungu na kuweka chuma mahali pake. Kwa hao natoa mfano wa sahaba Arfaja bin As'ad. Yeye alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahili, akajitengenezea pua ya fedha. Pua hiyo ikatoa harufu mbaya. Mtume Mtukufu s.a.w. hakumwambia aivue akae na kovu lake, bali alimwamuru atengeneze ya dhahabu. Yaonekana basi kwamba kutengeneza kilichoharibika si kubishana na Muumba, bali ni kutumia akili aliyotupa Yeye mwenyewe.

SUBIRA SI KULALA TU

Baada ya upasuaji nilikaa nyumbani kwa dada yangu mkubwa, Morogoro. Hapo nilijifunza maana ya subira ambayo nilikuwa nikiifundisha kwa miaka mingi bila kuijua vizuri. Dada yangu, kwa huruma yake, alisema kila mara: "Mdogo wangu, tulia, usiuguse mguu huo." Lakini mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema kinyume chake. Goti lisipokunjwa na kunyooshwa mara nyingi kila siku katika wiki za mwanzo, kovu la ndani hukaza, na mguu hubaki mgumu. Kwa hiyo ilinipasa kulikunja huku nikilia.

Kama kulala kimya ndiko subira, basi mimi ningesubiri mpaka niwe kiwete. Subira yangu ilikuwa katika kufanya kwa uchungu jambo ambalo mwili haukulitaka.

Lakini hata mazoezi yana mpaka wake. Mguu ulionyooka huhesabiwa kuwa nyuzi sifuri, na mtu aketipo kitini goti lake hukunjwa nyuzi 90. Waliobadilishiwa goti wengi hufika kati ya nyuzi 110 na 120. Mtu anayekaa juu ya visigino vyake, kama tunavyokaa katika tahiyatu, anahitaji nyuzi 150 au zaidi. Daktari wangu aliniambia bila kunificha kwamba huenda nisikae tena mkao huo katika maisha yangu, na kwamba goti hili lisitumiwe kwa kupiga magoti. Nilitoka nje nikaitazama milima. Sikulia kwa sababu ya kutopanda tena. Nililia kwa sababu ya sijda.

MAKOSA YANGU MAWILI

Sasa yanipasa kukiri makosa mawili, kwa kuwa humo ndimo lilimo jibu la yule kijana.

Kosa la kwanza lilikuwa la kiburi. Ijumaa ya mwezi wa pili nilikuwa na nguvu za kutosha kwenda msikitini kwa gari. Sikwenda. Niliwatuma watu waseme kwamba mwalimu bado mgonjwa. Ukweli ni kwamba niliona haya kukaa kitini mbele ya vijana niliowafundisha namna ya kusujudu. Ugonjwa ulikuwapo, lakini si ugonjwa ulionizuia.

Kosa la pili lilikuwa la uvivu, nalo lilikuja bila kubisha hodi. Mwezi wa tano nilikuwa nimetupa mkongojo. Nilitembea mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu na kurudi. Lakini katika sala niliendelea kukaa kitini tangu takbira ya kwanza mpaka salamu, kama nilivyofanya wiki ya kwanza. Hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa kila mtu alijua habari ya goti langu.

Mjomba wangu, mzee aliyepita miaka sabini, aliteremka kutoka mlimani kuja kunijulia hali. Nilimngoja chini, pale njia inapoingia mjini. Magoti yake yeye yameharibika kuliko langu lilivyokuwa, wala hajapata upasuaji wala fedha za upasuaji. Alichelewa sana. Alipofika nilimwamkia, tukaenda nyumbani polepole, tukasali adhuhuri pamoja. Mimi nilikaa kitini. Yeye alisimama akiegemea fimbo yake, akarukuu kwa taabu, na ilipofika sijda tu ndipo alipokaa juu ya kigoda akainama, kwa kuwa magoti yake hayashuki chini. Kisha akasimama tena kwa rakaa ya pili.

Baada ya sala alikaa kimya kitambo, halafu akauliza kwa upole: "Mpwa wangu, leo umeningoja pale njiani kwa muda gani?"

Nikajibu: "Kama saa nzima, mjomba."

"Ulikuwa umekaa?"

"Hapana, mjomba. Nilisimama."

Akanitazama mguu, akasema: "Ni goti lile lile?"

Sikuwa na neno la kumjibu.

KIPIMO CHA UDHURU

Ndugu wapenzi, sheria ya dini yetu katika jambo hili ni nyepesi kueleweka. Imran bin Huswain alikuwa na ugonjwa wa bawasiri, akamwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. habari ya sala. Akafundishwa kwamba asali akiwa amesimama. Asipoweza, akiwa amekaa. Na asipoweza hilo, akiwa amelala ubavu. Angalieni mpango huo. Mtu haruki kutoka daraja la juu mpaka la chini kwa sababu anaumwa. Anashuka daraja moja tu asipoliweza la juu yake. Ndiyo maana wanavyuoni wamesema kwamba anayeweza kusimama asimame, na akae pale tu anaposhindwa. Mjomba wangu, ambaye hakusoma chuo chochote, aliitimiza sheria hii kwa ukamilifu, na mimi mwalimu wake mpwawe nikaivunja.

Tena Mtume mwenyewe s.a.w. alipoanguka kutoka juu ya farasi akaumia, alisali akiwa amekaa, na masahaba zake wakamwona hivyo. Hakujificha. Basi mwenye kuona haya kukaa kitini mbele za watu kwa udhuru wa kweli, anaionea haya sunna. Kuikataa ruhusa kwa ajili ya macho ya watu ni kosa, na kuiongeza kupita dhiki ni kosa pia. Ruhusa ni kama dawa ambayo kiasi chake kimeandikwa na Mganga.

Lakini nani atakayepima? Daktari aweza kupima nyuzi za goti, lakini hawezi kupima kama leo, saa hii, naweza kusimama rakaa mbili. Ajuaye ni mimi. Sura Al-Qiyama yatufahamisha kwamba mwanadamu ni shahidi juu ya nafsi yake, hata akitoa nyudhuru zake zote. Neno hilo linatisha, kwa kuwa mbele ya watu udhuru wangu ulikuwa umekamilika.

Ipo alama moja ya kujipima nayo. Katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, wako waliokuja kuomba ruhusa ya kubaki wakiwa na mali na afya, na walipopewa walifurahi. Na wako maskini waliokuja kuomba wanyama wa kupanda ili waende, wakaambiwa hawapo, nao wakarudi macho yao yakitiririka machozi. Wote walibaki Madina. Kwa macho ya mpita njia hakuna tofauti kati yao, lakini Kurani Tukufu imewatenga mbali kabisa. Mwenye udhuru wa kweli huhuzunika kwa kile alichokikosa. Mimi niliposikia habari ya sijda mwezi wa kwanza nililia. Kufikia mwezi wa tano kiti kilikuwa kimenipendeza.

Huenda mtafuta ukweli akauliza: Ikiwa Mwenyezi Mungu hutazama moyo, kwa nini basi tusikae vitini sote, wazima na wagonjwa? Jibu ni kwamba moyo ni mwepesi sana kujidanganya. Nilisema moyoni kwamba nanyenyekea, hali miguu yangu yenye nguvu ilikuwa imepumzika. Mwili ndio ulionitolea ushahidi. Kwa anayeweza, kusimama na kusujudu ndiko kunakousadikisha moyo wake. Kwa asiyeweza, kadiri ile anayoiweza ndiyo ushahidi wake kamili, na Mola wake hamdai zaidi, kwa kuwa hailazimishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake.

Hivyo, kijana wangu, jibu lako ni hili. Paji la uso lisilofika chini kwa sababu goti limekataa, halimweki mtu mbali na Mola wake. Lakini siku zile nilizokaa wakati wa kusimama, naogopa kwamba nilikuwa mbali, wala halikuwa goti lililoniweka mbali.

Limebaki deni moja. Udhuru wangu umepunguzwa kwa elimu ya watu na kwa fedha. Mjomba wangu na akina mama wanaoteremka na mizigo kichwani hawajapunguziwa wa kwao. Aliyepunguziwa udhuru amezidishiwa wajibu, katika sala na katika kuwasaidia wengine. Kabla ya kuondoka nilimpeleka mjomba kwa daktari, na gharama za matibabu yake nimezichukua juu yangu. Hilo si sadaka. Ni sehemu ya kusimama kwangu.

Sasa nasimama katika sala, narukuu, na kwenye sijda naketi kitini na kuinama. Kila ninapoinama hivyo naikumbuka ardhi ambayo sikuigusa. Namwomba Mwenyezi Mungu asiniondolee kumbukumbu hiyo, na atujaalie sote tuzikubali ruhusa zake bila kiburi, na tuziache bila uvivu siku anapotupa nguvu. Amina.