Haki ya Njia na Haki ya Mwenye Kikapu

 

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Kericho, akashika njia ya Litein mpaka Kaplong, kisha akageuka kuelekea Bomet na Longisa, ataona jambo moja likijirudia njia nzima. Chai imepandwa kwa mpango, kila mche umekatwa kimo kimoja na mwenziwe. Kisha ghafula chai inakoma na maduka yanaanza. Maduka hayo hayakuenea kwa upana kama mitaa ya miji ya zamani, bali yamejinyoosha kandokando ya lami, safu huku na safu huku. Mbele ya maduka pana vibanda; mbele ya vibanda pana meza za kabichi, viazi na ndizi; mbele ya meza pana bodaboda zinazongoja abiria; na mbele ya bodaboda ni lami yenyewe. Hizi ndizo zinazoitwa "senta", nazo zinazidi kukua.

Nia yetu si kuulaumu ukuaji huo. Uislamu haukuja kuichukia biashara. Mtume mwenyewe (s.a.w.) alifanya biashara, na alipohamia Madina hakujenga msikiti peke yake, bali aliwatengea Waislamu na soko lao. Nia yetu ni kuliuliza swali ambalo wengi wetu twalipita kila siku bila ya kulitazama. Mtu mwenye haja ya kweli, asiye na shamba wala kazi, je, haja yake humhalalishia kuuza mahali palipo haki ya watu wote, hali yeye na mnunuzi wake wamo hatarini? Na ikiwa haimhalalishii, dhambi ni ya nani: ni yake yeye, au ni yetu sisi tuliomwacha hapo?

Swali hili si la kujifurahisha kwa maneno. Siku ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, katika masiku ya Tashriki baada ya Idi ya Kuchinja, lori lililobeba kontena lilikosa kuzuilika katika njia panda ya Londiani, katika kaunti ya Kericho. Liligonga magari ya abiria na pikipiki, likawaingilia wachuuzi na wanunuzi kando ya barabara. Walikufa watu zaidi ya 50. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wamesimama tu, huyu akiuza na huyu akinunua.

Baada ya msiba ule yalisikiwa maneno ya namna mbili, na yote mawili yataka kupimwa kwa mizani ya dini.

Neno la kwanza ni la wale wasemao: "Imeandikwa, siku ya mtu ikifika haina kinga." Kwamba ajali iko katika ujuzi wa Mwenyezi Mungu, hilo ni imani yetu, wala hapana Mwislamu alikataaye. Lakini kuifanya kadari kuwa mto wa kulalia ni ugonjwa uliotudhoofisha muda mrefu. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa safarini kwenda Sham na jeshi lake, akapata habari kuwa huko kumeingia tauni. Akashauriana na watu, kisha akaazimia kurudi. Abu Ubaida (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jawabu lake lilikuwa kwamba anaikimbia kadari kuiendea kadari nyingine. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bondeni akakuta upande mmja una majani na upande mwingine umekauka: popote atakapochunga, amechunga kwa kadari, na kwa hivyo lililo juu yake ni kuchagua penye majani. Basi na huyu awekaye meza yake hatua mbili kutoka mahali yanapopita malori, na yule aiwekaye hatua hamsini, wote wawili wamo ndani ya kadari. Lakini mmoja ametumia akili aliyopewa, na mwingine ameiacha.

Neno la pili ni la wale waliosema: "Waondolewe." Waziri wa Barabara na Uchukuzi wa wakati ule, Bwana Kipchumba Murkomen, alitangaza kuwa wachuuzi walio katika hifadhi za barabara wataondolewa. Neno hili lina asili katika sharia, wala tusilikatae kwa huruma tu. Njia si mali ya aliye karibu nayo. Ni mali ya mpita njia, hata asiyejulikana jina lake wala dini yake, hata ambaye bado hajazaliwa. Katika Bukhari na Muslim imo hukumu ya Mtume (s.a.w.) kwamba watu wakigombana juu ya njia, njia hiyo ipewe upana wa dhiraa saba. Tazama jinsi alivyoipa njia kipimo chake, kama vile mwenye nyumba alivyo na kipimo cha nyumba yake. Na kuondoa kiudhi njiani amekuhesabu kuwa tawi la imani. Ikiwa kuuondoa mwiba ni imani, basi kuuweka ni nini?

Imamu Ghazali, katika Ihyaa, aliyataja maovu ya njiani kama alivyoyataja ya misikitini: kusimamisha nguzo na kujenga vibaraza mbele ya nyumba hata njia ikawa finyu, kufunga wanyama njiani, kupanga mizigo na kuni mahali pa kupita watu. Alikuwa akiiandika miji ya zama zake, ambayo haikujua injini. Lau angaliiona Kapsoit au Silibwet siku ya soko, asingalihitaji kuongeza ila lori.

Hapa tuna neno na wenzetu wenye maduka. Twawaona watu walio waangalifu mno wa kuinyoosha safu msikitini, bega kwa bega na kisigino kwa kisigino. Kisha mtu huyo huyo akitoka, kibaraza cha duka lake kimeupita mpaka wa ploti yake na kuingia katika hifadhi ya barabara. Si hayo tu: mahali hapo alipopanyakua hupakodisha kwa mama mwenye kikapu, akachukua kodi kila mwezi. Huyu anauza asichokimiliki, na Mtume (s.a.w.) ametukataza. Tena ametuonya kwamba anyang'anyaye ardhi hata kiasi cha shubiri moja, Siku ya Kiyama atavishwa shingoni ardhi saba. Wengi wetu tukiisikia hadithi hii humfikiria jirani aliyesogeza ua. Ni wachache wafikirio kuwa mwenye kudhulumiwa aweza kuwa umma mzima.

Na yule akusanyaye ushuru wa soko, je? Ikiwa mtoza ushuru humfuata mchuuzi pale pale kandokando ya lami, akampa risiti asubuhi, kisha ikaja amri ya kumfukuza jioni, basi serikali hiyo imemuuzia mtu hatari kwa shilingi, na baadaye ikamwita mvunja sheria. Risiti haihalalishi mahali palipoharamishwa na madhara yake. Lakini yamfunga aliyeitoa: hawezi tena kusema hakujua.

Sasa na tumwendee mwenye kikapu mwenyewe, na tumpe haki yake kabla ya kumhukumu. Kwa nini yuko pale? Mji wa Kericho umezungukwa na chai. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda huko katika miaka ya 1920, katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliitoa mikononi mwa Wakipsigis, na madai ya ardhi hiyo hayajazimika hata leo. Katiba ya mwaka 2010 ilipunguza muda wa umiliki wa asiye raia ukawa usiozidi miaka 99. Mwaka 2022 Unilever, iliyokuwa imeirithi Brooke Bond, iliiuza biashara yake ya chai. Mwaka uliofuata James Finlay nayo ilifanya mapatano ya kuuza mashamba yake ya Kericho kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Maelfu ya ekari yalibadili wenyewe kwa kalamu, katika miji ya mbali, na mchuuzi wa Kericho asipate mahali pa kutandika gunia lake.

Tena Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto huko Kericho na watu walioona zimewanyang'anya kazi ya mikono yao. Kuteketeza mali ya mwenzako ni haramu, nasi hatulitetei hilo. Lakini mwenye akili hauzimi moto bila ya kuuliza kilichouwasha. Aliyekuwa akiishi katika nyumba ya kampuni, siku kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Hana shamba la kurudia. Ana mikono, ana kikapu, na ana barabara inayopitisha watu wenye fedha.

Je, haja hii yamhalalishia? Twaona jawabu limo katika hadithi moja ijulikanayo na wengi wetu. Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha sahaba zake wasikae njiani. Wakamweleza kuwa hawana budi, hapo ndipo wanapokutana na kuzungumza. Hakuwakemea, wala hakuidharau haja yao. Aliikubali, lakini akaifungia sharti: ikiwa hamna budi, basi ipeni njia haki yake. Na katika haki hizo alitaja kuzuia udhia. Basi haja ilifungua mlango, na udhia ukaufunga. Wanachuoni wakajenga juu ya mafundisho kama haya: kwamba dharura hukadiriwa kwa kadiri yake, na kwamba madhara ya mmoja hustahimiliwa ili yaondoke madhara ya wote. Kwa hivyo mwenye kikapu akaaye mahali pasipomdhuru yeye wala mpita njia, haja yake inatosha kuwa hoja. Lakini akaaye palipo na mauti hana hoja, hata awe maskini namna gani, kwa sababu roho yake si mali yake aitumie atakavyo, sembuse roho ya mnunuzi wake.

Lakini wanachuoni hao hao wamesema pia kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Amwondoaye mchuuzi njiani asimpe soko, amemtoa katika kifo cha ghafula akamtia katika njaa. Hiyo ni nusu ya uadilifu, na nusu ya uadilifu huirudisha dhulma pale pale: baada ya miezi michache meza zimerudi. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipolitenga soko la Madina aliagiza lisibanwe wala lisitozwe ushuru. Hakuwaambia watu tu, "Msiuze hapa." Aliwaonyesha pa kuuza.

Na kuonyesha kwataka ujuzi wa biashara. Yamejengwa masoko mazuri mbali na barabara yakabaki matupu, na wakubwa wakawasema wachuuzi kuwa ni wakaidi. Si ukaidi. Mnunuzi wa senta ni abiria: hununua anaposhuka garini au anapolingoja gari. Ukilihamisha soko ukakiacha kituo cha matatu barabarani, umewahamisha wauzaji ukawaacha wanunuzi. Soko na kituo havina budi kuhama pamoja.

Jambo la mwisho latuhusu sisi wenyewe, tulio wachache katika nchi hii ya chai kati ya majirani wengi Wakristo. Wakulima wadogo wa chai, waliowekwa chini ya KTDA tangu mwaka 1964, hupata bonasi kila mwaka, na wengine huitia katika ploti. Mwenye shamba karibu na lami hulikata vipande ishirini, akaviuza vyote ishirini, asiache hata kimoja kwa soko, kwa choo, wala kwa kichochoro cha kupitia. Kisha twashangaa watu wakijazana barabarani. Mahali pengine pa kujazana tumepauza.

Sisi twalijua neno wakfu tangu utotoni, lakini tumelifunga katika misikiti na makaburi. Ni nani aliyetukataza kuweka wakfu ploti moja nyuma ya maduka, ikawa soko la wenye vikapu, Mwislamu na asiye Mwislamu, bila ya kodi? Sadaka hiyo ingemfuata mwenyewe kaburini kila siku ambayo mtu aliuza kabichi akarudi nyumbani mzima. Fedha tunazozitumia kwa karamu za kushindana zingetosha kuianza. Na asiyeweza kutoa ploti aweza kukirudisha kibaraza chake ndani ya mpaka wake. Na asiye na kibaraza aweza kutomsimamisha dereva pasipo kituo ili anunue ndizi dirishani.

Basi hukumu yetu ni hii. Mwenye kikapu hana haki ya kukaa penye mauti, na ni wajibu aambiwe. Lakini wa kwanza kuulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu si yeye. Ni aliyekodisha asichokimiliki, na aliyetoza ushuru juu ya hatari aliyoijua, na aliyeuza ploti zote, na aliyekuwa na uwezo wa kutenga soko akatosheka na kutoa amri.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa, azinyooshe njia zetu kama tunyooshavyo safu zetu, na atujaalie kuitoa haki kabla ya kudaiwa. Wabillahi tawfiki.