Hasara ya Nani?

Wakazi wengi wa Mautuma ni watoto na wajukuu wa watu waliohamia hapa baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa. Wahamiaji hao walikuja na majembe na mbegu za mahindi, na baadhi yao walikuja na magitaa. Ndiyo sababu hata leo, mavuno yakiisha, msomaji aweza kubahatika kuusikia muziki uitwao omutibo. Mtu mmoja hupiga gitaa kwa vidole vitupu. Mwingine huketi kando yake akikwaruza chupa ya soda kwa msumari. Kidole gumba cha mpigaji huzipiga nyuzi nene kwa mwendo usiobadilika, kama msafiri wa mbali asiye na haraka wala uchovu. Kidole cha shahada nacho hucheza juu ya mwendo huo. Huuliza na kujibu. Asikilizaye gizani hudhani magitaa ni mawili.

Mtu aliyeupa mtindo huu sifa kuliko wote ni George Mukabi wa Kisa, upande wa kusini wa Kakamega hii yetu. Aliimba kwa Kiswahili, na kwa hiyo alisikilizwa hata na watu wasiojua neno moja la Kiluhya. Walakini hakuishi miaka mingi. Mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru, Mukabi aliuawa akiwa kijana bado, katika ugomvi wa nyumbani, mikononi mwa watu wa upande wa mkewe. Gitaa halikunyamaza ukooni, maana mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, alilishika baada yake.

Wazee wakikisimulia kifo hiki hutikisa vichwa, kisha aghalabu mmoja wao husema kwamba watu wa vipawa ndivyo walivyo: moto uwapao nyimbo ndio moto uwaunguzao. Usemi huu ni mtamu, nami niliuamini tangu nilipokuwa chuo cha ualimu. Siku hizi naushuku. Simhukumu Mukabi hata kidogo. Nyumba ya mtu haionekani kutoka barabarani, sembuse kutoka mbali ya miaka sitini. Nataka kuupima usemi wenyewe, na kwa kazi hiyo tunahitaji mtu ambaye matendo yake yalionekana mchana, hata mahakama ikayaandika.

Mtu huyo ni Charles Mingus, mwanamuziki wa jazi wa Marekani. (Kwetu Afrika Mashariki neno jazi liliandikwa katika majina ya bendi nyingi, kama Morogoro Jazz na Dar es Salaam Jazz, ingawa muziki wao ulikuwa wa dansi, tena wa namna yake. Jazi ya Mingus ni ile ya asili, ya Wamarekani weusi.) Alizaliwa mwaka 1922 huko Nogales, Arizona, akakulia Watts, mjini Los Angeles. Utotoni alijifunza selo, lakini katika siku zile milango ya okestra kubwa ilikuwa imefungwa kwa watu weusi. Akahamia besi, ile fidla kubwa ya sauti nene ambayo mpigaji wake husimama nayo kama mtu aliyemkumbatia ndugu. Alikuwa hodari wa kuipiga, na hodari zaidi wa kutunga.

Hasira zake zilikuwa nyingi, na si zote zilizokuwa mbaya. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas, Orval Faubus, aliweka askari mlangoni pa shule moja ya sekondari mjini Little Rock ili kuwazuia wanafunzi weusi tisa wasiingie. Walikuwa watoto wa rika lenu, enyi msomao. Mingus alighadhibika, akatunga muziki wa kumdhihaki gavana huyo. Aliurekodi mwaka 1959, na mwaka 1960 akaurekodi tena, safari hii na maneno yake ya kejeli. Hiyo ni ghadhabu iliyopewa umbo. Kila mpigaji alijua aingie wapi na anyamaze wapi, na walifanya mazoezi hadi kicheko kile kikakaa mahali pake. Faubus hakuguswa hata unywele, lakini watu wengi wasingelijua jina lake leo kama si muziki ule.

Sasa tazama hasira ya pili. Mwaka 1953 Mingus aliajiriwa katika bendi ya Duke Ellington, mtu aliyemheshimu kuliko wanamuziki wote. Akagombana na mpigaji mwenzake, Juan Tizol, Ellington akamfukuza. Hiyo ilikuwa hasara yake mwenyewe. Lakini mwaka 1962, alipokuwa akitayarisha tamasha kubwa mjini New York, Jimmy Knepper, mpiga tromboni aliyekuwa akimsaidia kuandika muziki, alikataa kuongezewa kazi. Mingus alimpiga ngumi mdomoni, jino likavunjika. Na mpiga tromboni huutegemea mdomo wake kama mpiga gitaa avitegemeavyo vidole. Kwa muda mrefu Knepper hakuweza tena kuzifikia sauti za juu. Mahakama ilimtia Mingus hatiani, ingawa hakufungwa.

Hasira hasara, walisema wahenga. Nimeirudia methali hii darasani mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu, bila ya kutambua kwamba haisemi hasara ni ya nani. Sisi hudhani ni ya mwenye hasira. Tazama basi: mwaka 1963 Mingus alirekodi mojawapo ya kazi zake bora kabisa, na dunia ikampigia makofi, Knepper alikuwa akihangaika na mdomo wake. Usemi wa wazee kwamba moto humuunguza mwenye kipawa haumtaji mtu wa pili. Tena huyo wa pili naye alikuwa na kipawa.

Labda mwanafunzi mmoja atanijibu kwamba Mingus alikuwa mgonjwa wa roho. Hoja hiyo ni nzito, wala siidharau. Mwaka 1958 alijipeleka mwenyewe katika hospitali ya Bellevue, New York, akitafuta nafuu, na dharau za ubaguzi alizozimeza tangu utoto zingemtosha mtu yeyote kuugua. Mgonjwa astahili huruma. Lakini huruma ni kitu kimoja, na kusema kwamba ngumi ndiyo bei ya nyimbo ni kitu kingine. Rudi kwenye kidole gumba cha omutibo. Usiku kucha kidole kile hakitangulii pigo wala hakichelewi, hata mpigaji awe amechoka, hata mtu amtukane kutoka gizani. Mkono uwezao hayo umefunzwa kutawaliwa. Basi muziki hauwezi kuwa ushahidi kwamba mkono wa mwanamuziki hautawaliki. Ukiitwa mahakamani, utashuhudia kinyume chake.

Sikuyafahamu haya kwa kusoma. Katika shule moja niliyofundisha zamani palikuwa na mvulana wa kidato cha tatu ambaye sijaona mfano wake kwa gitaa. Mwenziwe alikuwa mkwaruza chupa, kijana mpole wa kidato cha pili. Siku chache kabla ya mashindano ya muziki, mkwaruzaji alipotea mwendo mara mbili katika mazoezi. Wa gitaa akainuka, akampiga kofi la sikio kwa nguvu zake zote. Majuma kadhaa mtoto yule hakusikia vema kwa upande mmoja.

Walimu tulikutana. Mmoja alisema mpigaji asiende mashindanoni. Mimi nilisimama nikasema kwamba vipaji vikubwa huja na joto lake, kwamba shule haijapata kufika mbali namna hii, na kwamba adhabu yaweza kungoja. Nilisema vizuri, nikashinda. Tulikwenda na mkwaruzaji mwingine, tukapata nafasi ya pili, tukaimba njia nzima ndani ya basi. Tuliporudi, adhabu iliyongojeshwa ikawa imekwisha nguvu. Nani angemwadhibu shujaa? Nayo ofisi haikuandika barua yoyote nyumbani kwa yule aliyepigwa.

Mingus alipatwa mwaka 1977 na ugonjwa wa kupooza misuli, mikono ile ikafa kabla yake. Akawa anatunga kwa kuimbia kinasa sauti, hadi alipofariki Cuernavaca, Meksiko, Januari 1979. Kabla ya hapo Knepper alikuwa amekwisha kurudi kupiga pamoja naye. Jambo hilo hunistaajabisha kuliko yote niliyosoma juu ya watu hawa wawili, na mara nyingine nimelitumia kujifariji. Lakini Knepper alikuwa mtu mzima, mahakama ilikuwa imemsikiliza na kusema wazi nani alimkosea nani.

Mkwaruzaji wetu hakuambiwa neno kama hilo na mtu yeyote. Alikuja ofisini siku moja baada ya masomo, akaweka mezani chupa na msumari alivyokuwa akivitunza, akasema, "Shikamoo, mwalimu, nimevirudisha." Nikaitikia marahaba, nikamshukuru kwa kuvitunza vizuri. Miaka miwili iliyobaki alikuwa katika chama cha wakulima, akipanda sukuma wiki nyuma ya maabara. Nilimpita pale karibu kila jioni.