Doa na Kasoro

Je, mtu anayetaja alichokiona bila kujua maana yake, amesema kweli? Swali hili limenijia uzeeni, nalo halijaniacha.

Nilianguka bafuni, kichwa kikaniuma siku nyingi. Hospitalini nikapigwa picha ya ubongo kwa mashine ya MRI. Daktari kijana akazitazama picha, akasema, "Mzee, kuna kitu kichwani. Msubiri bingwa." Bingwa alipatikana baada ya wiki tatu. Katika wiki hizo niligawa vitabu vyangu, nikawaita wanangu kuwaonyesha hati ya shamba. Usiku nilimsikia mke wangu akilia jikoni.

Bingwa, mama wa makamo, alinielekeza pole pole kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Tazama, mzee wangu. Kingo zake ni laini. Ubongo wa kando haujavimba. Kila picha inapobadilishwa namna, rangi yake hubadilika pamoja na ya maji yanayouzunguka ubongo. Na ile dawa tuliyokudunga haikukiingia." Kilikuwa kifuko cha maji katika tando zinazoufunika ubongo, wataalamu hukiita sisti ya araknoidi. Yaelekea nilizaliwa nacho. Nimesoma nacho, nimeoa nacho, nimeongoza chuo nacho.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2007 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walitangaza matokeo ya kupiga picha bongo za watu 2,000 wasiolalamikia maradhi ya kichwa. Takriban mmoja katika kila mia alikuwa na kifuko kama changu. Wengine walikutwa na mambo yaliyotaka uangalizi, kwa hiyo kila doa halina budi kusomwa.

Wapo wanaosema yule kijana angenyamaza. Sikubaliani nao. Kichwa ni changu, na habari zake ni haki yangu. Lakini alinipa nusu ya kweli. Angaliongeza, "Sijui kama kina madhara; vingi havina," hofu isingekwisha, ila ingekuwa na kipimo.

Hata hivyo sina ujasiri wa kumnyooshea kidole. Miaka ya 1980, nikiwa mkufunzi, nilimkagua mwanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Mtoto alimwuliza swali, naye akanyamaza kitambo kirefu kabla ya kujibu. Niliandika kwa wino mwekundu: "Mzito. Hafai." Muhula ule ule akaondoka chuoni. Sikuwauliza watoto kama walimwelewa. Sikurudi darasani mwake mara ya pili. Niliona tofauti, nikaiita ugonjwa, na hapakuwa na bingwa wa kuisoma picha ile upya.

Mimi nilisubiri wiki tatu kuambiwa kwamba sina kasoro. Yeye, kama yu hai, anasubiri mwaka wa arobaini sasa, na aliyepaswa kumwambia ni mimi.