VITA VIKUU VYA 1914 NA MAZINGATIO YAKE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, vijana wetu hupita Kariakor mjini Nairobi, na wengine hufanya biashara Kariakoo ya Dar es Salaam, wala hawajui asili ya jina hilo. Asili yake ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliochukuliwa katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Qur'ani yatuhimiza kuzitazama habari za waliotangulia ili tuzingatie. Basi natuzitazame za hawa, ambao wengi wao walikuwa babu zetu.

Husemwa kwamba vita vilianza tarehe 28 Juni 1914 mjini Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alipomwua kwa risasi Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria-Hungaria. Walakini risasi ile ilikuwa cheche tu. Kuni zilikwisha kukusanywa zamani. Dola za Ulaya zilikuwa zikishindania makoloni na biashara, zikiunda manowari na mizinga, na kila taifa likiwafunza watoto wake kuwa wao ni bora kuliko jirani zao. Hii ndiyo asabiya aliyoikataza Mtume wetu. Austria-Hungaria ilipotangaza vita juu ya Serbia tarehe 28 Julai, lilipita juma moja tu, na Urusi, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza zote zikawa vitani. Ujerumani iliingia Ubelgiji kwa nguvu, ingawa mkataba wa 1839 ulikuwa umeweka kwamba nchi hiyo isiguswe, na Prussia, iliyokuja kuwa kiini cha dola ya Ujerumani, ilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi.

Yaliyofuata yashinda kusimuliwa. Huko Somme, Ufaransa, tarehe 1 Julai 1916, jeshi la Uingereza peke yake lilipoteza watu zaidi ya 19,000 waliokufa kwa siku moja. Kwetu huku, vita vilifika Tanga Novemba 1914, kisha vikaenea bara yote mpaka Msumbiji. Jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, hakuweka silaha chini ila tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala katika Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Barabara hazikuwako, na farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo mizigo ilichukuliwa kwa vichwa na mabega ya watu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa wakadiriwa karibu 100,000, wengi wao kwa kuhara damu, homa na njaa, si kwa risasi. Wagiriama walipokataa kutoa vijana wao na kuhamishwa makwao mwaka 1914, walipigwa, nyumba zao zikachomwa, wakatozwa faini.

Sasa tutazame jambo litugusalo sisi katika dini. Tarehe 14 Novemba 1914, katika Msikiti wa Fatih mjini Istanbul, zilisomwa fatwa za kuwaita Waislamu wote katika jihadi juu ya Uingereza, Ufaransa na Urusi. Ujerumani haikuwa miongoni mwa maadui, kwani ilikuwa rafiki wa dola ya Kiturki. Upande wa pili, Waingereza nao walitafuta masultani na masheikh wa kuwaambia Waislamu kwamba utiifu kwao ni wajibu. Maelfu kwa maelfu ya Waislamu wa Bara Hindi wakapigana na Waturki. Sharifu Hussein wa Makka aliinuka Juni 1916 kwa kutegemea ahadi za Waingereza, hali ya kuwa mwezi uliotangulia Uingereza na Ufaransa zilikwisha kuafikiana kwa siri kuzigawana nchi za Waarabu. Novemba 1917 Waingereza wakaahidi maskani ya taifa la Kiyahudi katika Palestina, na taabu ya ahadi hiyo haijesha mpaka leo.

Huenda msomaji akauliza: Je, Mwislamu asipigane kamwe? Hatusemi hivyo. Sheria imeruhusu kuizuia dhuluma na kumtetea mnyonge, tena imeweka mipaka. Tusemalo ni kwamba mwanachuoni aliyetoa hukumu ya dini kwa kutazama uso wa mtawala, awe wa Istanbul au wa London, aliwapeleka watu mautini kwa haja isiyokuwa yao.

Na baada ya vita? Mkataba wa Versailles ulitiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili baada ya Sarajevo. Walioshinda waliandika sulhu ya kisasi. Mwaka 1921 Ujerumani ikaandikiwa deni la marki za dhahabu bilioni 132. Katika uchungu ule Hitler akapata wa kumsikiliza, na mwaka 1939 dunia ikaungua tena. Ukhalifa wa Kiturki nao ulifutwa tarehe 3 Machi 1924. Katika Kenya, askari wa Kizungu walipewa mashamba. Mwafrika akavikwa kipande shingoni. Na mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikuwafikia warithi wao, ingawa Mtume wetu ameamrisha mfanya kazi alipwe ujira wake upesi.

Basi yatupasa nini? Kwanza, tusimfuate asemaye kwa jina la dini mpaka tumwulize dalili yake, na tutazame ni nani atakayefaidika. Pili, tukipatanisha watu, iwe ni majirani au kamati za misikiti yetu, tupatanishe kwa uadilifu, kwani aliyenyimwa haki yake leo atairudia fitina kesho. Tatu, tusiwalaumu wakoloni kwa ujira wa wapagazi hali sisi twawacheleweshea mishahara watumishi wa nyumba zetu na walimu wa madrasa zetu. Jambo hili li mikononi mwetu, wala halihitaji mkutano wa mataifa.

Nne, kila mwenye wazee nyumbani awaulize jina la babu aliyekwenda vitani asirudi, na alikotoka, akaliandike. Wengi hawana kaburi lijulikanalo wala jiwe lenye majina yao. Tukiyajua majina tutaweza kuwaombea dua, na watoto wetu watajua kwamba vita vya wakubwa hulipiwa na wadogo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwa watu watimizao ahadi. Wabillahi taufiki.