Cheti cha Padri Dimitri



Kijana mwenzangu, unajua uzito wa cheti cha ubatizo. Bila hicho ndoa ya kanisani huipati, na seminari huingii. Sasa fikiria padri anayemwandikia cheti mtu ambaye hakumbatiza. Ametenda dhambi?

Padri huyo alikuwepo kweli. Dimitri Klepinin, wa Kanisa la Kiorthodoksi, alizaliwa Urusi mwaka 1904, akapewa upadri mwaka 1937. Alikuwa na mke na watoto wawili, maana kwao mwanaume aliyeoa aweza kupewa daraja hiyo. Waumini wake walikuwa Warusi waliokimbia mapinduzi, kundi dogo na maskini ndani ya Paris, mji wa Wakatoliki. Alihudumu katika nyumba ya Mama Maria Skobtsova, mtawa aliyewalisha wenye njaa.

Mwaka 1940 Wanazi waliiteka Paris, na baadaye wakaanza kuwawinda Wayahudi. Baadhi yao walibisha hodi pale wakiomba cheti cha kuonyesha kwamba ni Wakristo. Padri Dimitri akawaandikia. Alipotakiwa kutoa orodha ya waliobatizwa karibuni, akagoma: hao ni wanawe wa kiroho.

Nilipokuwa nasoma falsafa, swali hili lilikuja kwenye mtihani: je, inaruhusiwa kudanganya ili kuokoa uhai? Nilimfuata Mtakatifu Augustino, kwamba kila uongo ni dhambi, hata ule wa kumwokoa mtu. Nikaongezea na Kant, nikapata alama nzuri. Basi nilipokutana na habari za Padri Dimitri, alama zile hazikunipa raha tena. Katekisimu inafundisha kwamba halazimiki mtu kumfunulia ukweli asiye na haki ya kuujua. Sawa, lakini hapo tunaruhusiwa kunyamaza. Cheti kile kiliandikwa kwa wino. Sidai kwamba nimelimaliza swali.

Ila kuna jambo nililiona. Februari 1943 alikamatwa. Alipohojiwa hakukana, wala hakujitetea. Akaambiwa ataachiwa akiahidi tu kutowasaidia tena Wayahudi. Ahadi tu! Angeweza kuahidi mdomoni, akaenda zake kwa mke na watoto. Akakataa. Akawaonyesha msalaba wa kifuani mwake, akawauliza: na Myahudi huyu, mnamjua? Akapigwa. Alifia katika kambi ya Dora, Ujerumani, Februari 1944, hajafikisha miaka 40. Kanisa lake lilimtangaza mtakatifu mwaka 2004.

Yaani, aliyeandika vyeti vya kuwaokoa wengine hakukubali kusema neno moja la uongo ajiokoe mwenyewe. Hapo ndipo ananishinda. Uongo wangu mimi karibu wote ni wa kujikinga. Nasema "nipo njiani" wakati bado natafuta viatu. Nakosea, halafu namsukumia mwenzangu lawama. Nikibanwa, najitetea kwamba hata watakatifu walidanganya.

Hapana, usiichukue habari hii kama kibali. Ichukue kama kipimo. Uongo huu unamlinda nani, na gharama yake analipa nani? Vyeti vya Padri Dimitri vililinda wengine, akalipa yeye. Wangu unanilinda mimi, analipa mwingine. Kulijua kosa la uongo wa namna hiyo hakuhitaji shahada ya falsafa.

Leo usiku, katika kuchunguza dhamiri, anzia hapo. Nami naanzia hapo hapo. Tuombeane.